Bili ya umeme na gesi imekushtua Uingereza? Kagua, panga malipo, ndipo uhame kampuni

Bili kubwa ya umeme na gesi ikiingia, watu wetu hapa Uingereza hufanya moja kati ya mambo mawili. Kuna anayelipa yote siku hiyohiyo, hata kwa kukopa au kuomba zamu yake ya mchezo isogezwe mbele, kwa sababu barua yenye nembo inamtisha. Na kuna anayeitia bili kwenye droo, kisha anafungua akaunti kampuni nyingine akiamini deni litabaki hukohuko nyuma. Nimekaa na ndugu na majirani wengi tukizisoma bili hizi mezani, na ninachokiona kila mara ni kwamba mpangilio ndio unaookoa pesa. Kwanza kagua kama deni ni lako na kama hesabu ni sahihi. Pili, kile kilicho halali ukubaliane nao namna ya kukilipa. Kuhama kampuni kunakuja mwisho. Ukianzia mwisho, unaweza kukwama katikati.

Ninayoeleza ni ya England, Wales na Scotland, ambako msimamizi wa soko ni Ofgem. Ireland ya Kaskazini ina msimamizi wake na taratibu zake, kwa hiyo mliopo Belfast msiyachukue haya kama yalivyo.

Kwa waliokuja karibuni: nyumbani Tanzania umeme ni TANESCO, unanunua LUKU, uniti zikiisha unajua zimeisha. Hapa nyumba nyingi zinatumia kwanza na kulipa baadaye, na kampuni za kuuza ziko nyingi, zote zikipitisha umeme kwenye waya uleule na gesi kwenye bomba lilelile. Kampuni isipopata usomaji wa mita yako inakadiria. Unalipa makadirio kila mwezi ukijiona huna deni na mtu. Siku mita yenyewe inaposomwa, tofauti yote inakuangukia kwa mpigo mmoja.

Soma mita kabla hujapiga simu

Wifi yangu anakaa Leicester, kwenye zile nyumba za zamani za matofali mekundu zilizoshikana. Alinipigia akiwa analia: wanamdai pauni 1,400 za gesi.

"Wifi, nilipe tu yaishe?"

"Usilipe hata peni mpaka tuisome. Nenda kwenye mita, piga picha, nitumie na kurasa zote za bili."

Hapo ndipo pa kuanzia kwa kila mtu. Piga picha ya mita ya umeme na ya gesi, namba zionekane vizuri, na tarehe ibaki kwenye simu. Soma tarakimu kutoka kushoto, na zile nyekundu au zilizo baada ya nukta uziache. Anayezijumlisha anajikuta amesoma mara kumi ya alichotumia. Kisha tafuta namba ya mita yenyewe, ile iliyochapwa karibu na msimbo wa mistari, uilinganishe na iliyo kwenye bili. Zikitofautiana, unalipia mita ya mtu mwingine. Hili si jambo la ajabu kwenye nyumba kubwa zilizogawanywa kuwa fleti: mita zote ziko kwenye kabati moja la chini, na aliyeziandika zamani alichanganya. Njia ya kujaribu ni kuzima swichi kuu ya fleti yako, kisha ushuke ukaitazame mita unayoambiwa ni yako. Kama bado inahesabu, kuna kitu kingine inakilisha, au ina hitilafu. Waandikie kampuni wakaikague.

Baada ya hapo angalia bili imesomwaje. Pembeni ya kila usomaji kuna herufi au neno. Ukiona E, au neno "estimated", ni makadirio yao. Ukiona A, au "actual", mita ilisomwa kweli. Ukiona makadirio mfululizo kisha usomaji halisi mmoja mwishoni, umeshapata chanzo cha bili yako. Wenye mita ya bei mbili, ya mchana na ya usiku, waangalie pia kama safu hazikubadilishwa. Bei ya usiku ni nafuu, na namba zikipishana unatozwa bei ya mchana kwa umeme wa usiku.

Sasa turudi kwa wifi. Kwenye ukurasa wa pili wa bili ya gesi kuna mstari unaoonyesha jinsi uniti za mita zinavyogeuzwa kuwa kWh, kipimo cha nishati ambacho ndicho unachotozwa bei. Watu wengi hawaufiki mstari huo. Mita za gesi ziko za aina mbili: za zamani zinapima kwa futi za ujazo, mara nyingi zina tarakimu nne na alama ft³, za sasa zinapima kwa mita za ujazo, zina tarakimu tano na alama m³. Mita ikiwa ya futi, kampuni inazidisha uniti kwa 2.83 kwanza. Mita yake ilikuwa imeandikwa m³ waziwazi kwenye picha, na kwenye bili ilikuwepo ile 2.83. Mita ilibadilishwa, daftari la kampuni halikubadilishwa.

Angalia uzito wake. Tuseme umetumia uniti 60 za mita ya m³. Hesabu sahihi ni 60 × 1.02264 × 39.2 ÷ 3.6, yaani kWh 668 hivi. (Ile 1.02264 ni marekebisho ya ujazo wa gesi, na 39.2 ni kiwango cha nishati inayotoka gesi ikiungua. Kinabadilika kidogo, na bili yako itaonyesha chako.) Ukiingiza 2.83 mahali isipotakiwa, zinakuwa kWh 1,891. Kwa bei ya mfano ya peni 6 kwa kWh, ni pauni 40 dhidi ya pauni 113, kwa gesi ileile. Piga mara miezi ya baridi yote uone. Tulituma picha ya mita na ya ule mstari wa bili, maneno machache tu, na deni likayeyuka. Ikabainika yeye ndiye anayewadai.

Kosa la mita likienda upande wa pili, yaani mita ni ya futi na bili inasema m³, umekuwa ukilipa pungufu, na siku watakapogundua watataka chao. Hapo ndipo sheria ninayoieleza sasa inapokufaa.

Miezi 12, basi

Kama kuna jambo moja la kukariri katika haya yote, ni hili. Kampuni haiwezi kukudai umeme au gesi uliyotumia zaidi ya miezi 12 iliyopita ikiwa haikuwa imekutumia bili sahihi ya matumizi hayo. Ni sharti la Ofgem kwa kampuni zote zinazouzia majumbani tangu Mei 2018. Kwenye barua na simu wao wanaliita back billing, na wewe litaje kwa jina hilohilo ili wasikuzungushe.

Mimi naishi Reading, na bili iliyonifikia mimi ilikuwa pauni 2,140. Mita janja yangu (smart meter, inayotuma usomaji yenyewe) ilikuwa imeacha kuutuma, kampuni ikawa inakadiria chini ya ninachotumia, na nilipowaandikia kuhusu kioo cha mita kilichozimika waliniambia watatuma fundi. Fundi alipokuja hatimaye, tofauti ya miezi 22 ikawekwa kwenye karatasi moja. Niliwaandikia barua pepe. Jibu la kwanza lilikuwa kwamba umeme nimeutumia, kwa hiyo nilipe. Sikubishana kuhusu kutumia. Nilirudia sharti, nikaweka tarehe, nikaandika kwamba haya ni malalamiko rasmi. Miezi 10 ya kwanza ikafutwa. Zikabaki pauni 1,190, na hizo ni zangu kweli.

Barua ya namna hii iwe fupi. Andika namba ya akaunti, tarehe ya bili na kipindi inachodai. Sema kwamba sehemu ya matumizi ni ya zaidi ya miezi 12 kabla ya tarehe ya bili na haikuwahi kutozwa kwa usahihi, unaomba iondolewe na utumiwe bili mpya yenye mchanganuo. Ambatanisha picha. Kisha andika kwa Kiingereza sentensi hii: "This is a formal complaint." Usiiache, kwa sababu siku ulipolalamika rasmi ndipo saa inaanza kuhesabu. Kama baada ya wiki 8 hawajalimaliza, au kabla ya hapo wakikupa barua ya kusema wamefika mwisho, inayoitwa deadlock letter, unakwenda Energy Ombudsman, msuluhishi huru wa malalamiko ya nishati. Hulipi chochote. Uamuzi wake ukiukubali unaifunga kampuni, na usipoukubali wewe hufungwi. Ukipewa hiyo barua ya mwisho, usikae nayo zaidi ya miezi 12.

Kuna mipaka ya haki hii na ni vizuri uijue kabla hujaandika. Kama uliwazuia kusoma mita mara kwa mara, au mita imechezewa, haikulindi. Kama walikutumia bili sahihi wakati wake na hukulipa, hilo ni deni la kawaida, hata likiwa la miaka mitatu.

Na kama deni ni la aliyekaa kabla yako, halikuhusu kabisa. Unalipa kuanzia siku mkataba wako wa nyumba ulipoanza. Tuma nakala ya mkataba wa kupanga na picha ya mita ya siku hiyo. Hii ndiyo sababu ninawaambia wote wanaohama nyumba: kabla hujaingiza hata godoro, piga picha mita zote. Barua zinazokuja kwa jina la "The Occupier" zifungue, usizitupe. Mara nyingi zinatoka kwa kampuni iliyokuwa ikiuzia nyumba hiyo, na kisheria inakuuzia wewe tayari hata kama hujasaini kitu.

Kile kilicho halali, ukilipe kwa uwezo wako

Watu wetu wana aibu ya kusema "sina". Ninaijua aibu hiyo, nimekulia nayo. Lakini hapa aibu inakugharimu: mhudumu wa simu anataja pauni 150 kwa mwezi, wewe unasema sawa kwa heshima, mwezi wa pili huna, mpango unavunjika, na unaonekana mtu asiyetimiza ahadi. Kampuni inatakiwa na Ofgem kuangalia uwezo wako halisi kabla ya kupanga kiasi. Kwa hiyo kaa na karatasi kabla ya simu. Andika mshahara unaoingia mkononi, si ule wa mkataba. Wanaofanya kazi za kutunza wazee kwa zamu waandike mwezi wa zamu chache, si ule wa Krismasi. Toa kodi ya nyumba, kodi ya halmashauri, nauli, chakula, matumizi ya watoto. Pesa unayotuma nyumbani kwa mama iandike pia, ingawa ujue wanaweza kuiuliza. Kinachobaki ndicho unachoweza kugawa.

Mpango wa malipo una sehemu mbili: umeme na gesi ya mwezi huu, na kipande cha deni la nyuma. Waulize kila kimoja ni kiasi gani, la sivyo wanakuchanganyia. Mimi nilitaka pauni 40 kwa mwezi kwa deni, juu ya matumizi yangu. Walianza na karibu pauni 100, wakitaka deni liishe mwaka mmoja. Niliwatumia ile karatasi, tukakubaliana pauni 40, na nikaomba wathibitishe kwa barua pepe. Mazungumzo ya simu yasiyo na maandishi usiyahesabu.

Ukiona namba hazikubali hata kidogo, usipambane peke yako. Citizens Advice, shirika la ushauri wa bure, wana simu ya mambo ya nishati, 0808 223 1133, bure, na ukiwaomba mkalimani wanaweza kukutafutia. Scotland piga Advice Direct Scotland, 0808 196 8660. Kama umeme ni sehemu tu ya madeni mengi, National Debtline na StepChange wanapanga yote kwa pamoja na hawatozi kitu. Kwa England na Wales washauri hao wanaweza kukuombea Breathing Space, siku 60 ambazo wanaokudai hawaruhusiwi kukufuata wala kuongeza riba kwenye madeni yaliyoingizwa humo. Bili za sasa unaendelea kulipa.

Pia kuna misaada. British Gas Energy Trust ni mfuko wa hisani unaosaidia kufuta madeni ya nishati, na hupokea maombi hata ya wateja wa kampuni nyingine fedha zikiwepo. Dirisha hufunguliwa na kufungwa, kwa hiyo lichungulie mara kwa mara. Kampuni kubwa nyingine zina mifuko ya wateja wao, waulize. Anayepata Universal Credit, posho ya serikali kwa wenye kipato kidogo, anaweza kuomba deni likatwe humo kidogokidogo, na aangalie kama anastahili Warm Home Discount, pauni 150 zinazoingizwa kwenye akaunti ya umeme msimu wa baridi.

Wenye viza inayosema "no recourse to public funds", nisikilizeni, kwa sababu hapa kuna woga mwingi usio na msingi. Universal Credit na yanayofungamana nayo ni kweli hamruhusiwi. Lakini kupinga bili isiyo sahihi, kudai sharti la miezi 12, kuomba mpango wa malipo, kwenda kwa Ombudsman na kupata ushauri wa Citizens Advice si pesa za serikali. Ni haki ya mteja. Hakuna mtu wa Home Office anayesubiri upande wa pili wa simu ya bili.

Na mwenye mtoto mchanga nyumbani, mgonjwa anayetumia mashine, mzee, au mwenye shida ya lugha, ajiandikishe kwenye Priority Services Register ya kampuni yake, yaani orodha ya wateja wanaohitaji uangalizi zaidi. Ni bure, na inabadilisha namna wanavyokushughulikia.

Wakitishia mita ya kulipia kabla

Barua ya wakala wa kukusanya madeni inaandikwa ili ikutie hofu. Wakala huyo hana ruhusa ya kuingia ndani kwako. Anayeweza kuja kufunga mita ya kulipia kabla bila ridhaa yako ni kampuni yenye kibali cha mahakama, na tangu Novemba 2023 Ofgem imeweka masharti makali: lazima wawe wamejaribu kuwasiliana nawe angalau mara 10, na hawaruhusiwi kulazimisha kwenye nyumba yenye mtoto chini ya miaka 2, wala kwa mtu wa miaka 75 au zaidi asiye na wa kumsaidia nyumbani. Kuibadilisha mita janja kwa mbali, wakiwa ofisini kwao, nako kunahesabika kuwa kulazimisha. Ukipata barua ya mahakama, jibu. Una haki ya kwenda kusikilizwa, na mara nyingi ukipiga simu kabla ya tarehe mnapatana.

Mita hiyo ni ndugu wa LUKU, isipokuwa ina jambo ambalo wengi halijawaingia akilini. Kama kule nyumbani kodi ya majengo inavyokatwa ukinunua uniti, hapa deni linakatwa kutoka kwenye pesa uliyoweka, na tozo ya kila siku (standing charge) inaendelea kujilimbikiza hata ukizima kila kitu ukasafiri. Ukirudi kutoka likizo ya wiki sita Mombasa, mita ya gesi hujaigusa, utakuta imekula. Weka pesa kidogo kabla ya safari. Kama wanakata deni kubwa kila wiki mpaka unabaki gizani, piga simu uombe lipunguzwe. Ni jambo la kawaida kuombwa, na wanaweza kulifanya.

Ukiingia nyumba yenye mita hii, ufunguo au kadi ya kuongezea pesa kwenye mita uliyoikuta usiitumie. Inaweza kuwa na deni la aliyeondoka, na ukiiongeza pesa unaanza kumlipia. Pigia kampuni wakupe mpya kwa jina lako.

Sasa kuhama

Umekagua, umepinga cha kupinga, unajua unadaiwa kiasi gani. Swali la kuhama linajibiwa na aina ya mita na umri wa deni.

Kwa mita ya kawaida, deni likiwa la chini ya siku 28 unaweza kuhama. Litaingia kwenye bili ya mwisho ya kampuni ya zamani. Likiwa limepita siku 28, kampuni ya zamani inaweza kukuzuia mpaka ulipe, na inatakiwa ikuambie sababu. Lakini deni likitokana na kosa lao wenyewe, haliwezi kutumika kukufunga. Ndiyo maana nasisitiza kukagua na kulalamika kwa maandishi kabla ya kujaza fomu ya kampuni mpya. Kwa mita ya kulipia kabla, unaweza kuhama hata na deni, mradi halizidi pauni 500 kwa umeme na pauni 500 kwa gesi. Deni hilo unahama nalo, kampuni mpya inalichukua na kuendelea kulikata.

Ukizuiwa, bado huna sababu ya kukaa kwenye bei mbaya. Mimi nilibaki kwa kampuni yangu kwa muda, nikaomba wanihamishie kwenye mpango wa bei nafuu kuliko ule wa kawaida. Walikuwa nao. Hawakuutaja mpaka nilipouliza.

Unapolinganisha, usidanganywe na namba ya "pauni kadhaa kwa mwezi". Hiyo ni makadirio tena. Angalia vitu viwili: bei ya kWh moja, na tozo ya kila siku. Chukua kWh zako za mwaka kwenye bili, zidisha na bei, ongeza tozo mara 365. Anayeishi peke yake kwenye chumba kimoja anaumizwa zaidi na tozo ya kila siku. Familia yenye watoto wanne inaumizwa na bei ya kWh. Na kile kikomo cha bei cha Ofgem mnachokisikia kwenye taarifa kila baada ya miezi mitatu kinazuia bei ya uniti na tozo tu, kwenye mipango ya kawaida isiyofungwa muda. Hakizuii jumla ya bili. Ukitumia zaidi, utalipa zaidi. Wengine wanaikimbia mita ya kulipia kabla kwa kuamini tozo yake ni kubwa. Tangu Aprili 2024 Ofgem ilisawazisha, kwa hiyo fanya hesabu upya.

Kama uko kwenye mpango wa bei uliofungwa mwaka mmoja au miwili, soma ada ya kutoka mapema. Ndani ya siku 49 za mwisho wa mpango hawaruhusiwi kukutoza. Mpango wa kawaida hauna ada hiyo.

Mpangaji mwenye akaunti kwa jina lake ana haki ya kuchagua kampuni. Usikubali mwenye nyumba akwambie haiwezekani, ila soma mkataba kama unataka umjulishe. Ukipanga chumba na umeme unamlipa mwenye nyumba, huwezi kuhama, lakini naye haruhusiwi kukuuzia uniti kwa bei kubwa kuliko anayonunulia. Muombe bili uione kwa macho yako.

Kuhama kwenyewe ni kazi ya dakika chache mtandaoni. Unampa kampuni mpya anwani, kWh zako na akaunti ya benki. Wao ndio wanaozungumza na kampuni ya zamani. Hakuna fundi anayekuja, umeme haukatiki, na kwa kawaida inamalizika ndani ya siku 5 za kazi. Una siku 14 za kubadili mawazo. Mtu akija mlangoni au akipiga simu akisema ametumwa na Ofgem kukuhamisha, mfungie. Ofgem hawafanyi hivyo.

Siku ya kuhama, piga picha mita zote mbili tena, na usomaji huo uupeleke kwa kampuni zote mbili, namba ileile. Ukiwapa namba tofauti, au ukiiacha kampuni moja ikadirie, unaweza kulipishwa uniti zilezile mara mbili. Makato ya benki ya kampuni ya zamani usiyafute mpaka bili ya mwisho itoke. Wana wiki 6 za kuituma, na kama wewe ndiye unayewadai wanatakiwa wakurudishie ndani ya siku 10 za kazi baada ya bili hiyo. Wasipofanya hivyo kwa wakati, fidia ni haki yako bila kuomba, lakini omba. Ilinganishe na picha. Usomaji wa mwisho kwao uwe ndio usomaji wa kwanza kwa kampuni mpya, na ukiona herufi E hapo, waandikie siku hiyohiyo, na picha juu.